Intaneti ya kasi Kibiti: Nani anakula bando la mchuuzi?

MALALAMIKO kwamba intaneti ya kasi "inakula bando" yamekuwa wimbo wa kila siku katika vibanda vya mawakala wa fedha, vijiwe vya bodaboda na maghala ya mazao, na mji wa Kibiti haukusalimika. Mchuuzi aliyezoea kifurushi cha wiki kimfikishe Ijumaa, sasa kinamwishia Jumanne. Simu ni ile ile, kazi ni ile ile, na kiasi alicholipa ni kile kile. Kilichobadilika ni alama ndogo juu ya kioo: palipokuwa na herufi E au H, sasa pameandikwa 4G.

Anachohitimisha hapo ni kwamba kampuni ya simu inamwibia. Wengine wameshajitafutia dawa. Wanaingia kwenye mipangilio ya simu, wanaifunga ibaki kwenye 2G, na wanashauri wenzao wafanye hivyo hivyo.

Hoja yao si ya kupuuzwa, kwa kuwa fedha inayozungumzwa hapa si ya anasa. Kwa mnunuzi wa kaa anayesubiri boti Nyamisati, au katibu wa chama cha msingi cha korosho anayepaswa kuwatangazia wanachama matokeo ya mnada, bando ni gharama ya biashara kama zilivyo nauli, barafu na magunia. Gharama hiyo ikipanda bila mtu kuelewa sababu, atakata pasipostahili kukatwa.

Kwanza, suala la mzani. Gunia la korosho la kilo 80 halizidi uzito kwa kushushwa kwenye baiskeli na kupakiwa kwenye Fuso. Litafika ghalani mapema zaidi, lakini mzani utasoma kilo zile zile. Data nayo ina mzani wake, unaosoma MB badala ya kilo. Picha ya kaa yenye KB 200 ni KB 200 ikipita kwenye 2G, 3G, 4G, hata 5G. Kwa maana hiyo mtandao wa kasi hauongezi uzito wa mzigo, na anayesema MB za 4G ni "nyepesi" kuliko za 3G amekosea.

Hata hivyo, hajakosea yote. Anachokiona mfukoni mwake ni cha kweli, ila amemkamata asiyehusika.

Kasi ya mtandao hupimwa kwa biti, bando hupimwa kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Kifurushi cha GB 1, basi, kina karibu biti bilioni nane. Kwenye 2G yenye kasi ya kilobiti 200 kwa sekunde, ambayo kwa mtandao huo ni kasi nzuri, simu ingelazimika kupakua mfululizo kwa saa 11 ndipo imalize GB hiyo. Kwenye 4G ya megabiti 10 kwa sekunde, kasi ambayo si ya kujivunia, GB hiyo hiyo inaweza kwisha katika dakika zisizofika 14.

Ndiyo kusema, zamani mchuuzi alikuwa na kufuli ambalo hakujua kwamba analo. Mtandao wa polepole ulimzuia kumaliza bando hata kama angetaka. Video ilikwama, akachoka, akairudisha simu mfukoni. Mtoto aliyeazima simu ya baba jioni alikutana na duara linalozunguka, akaenda zake kucheza. Simu yenyewe ilijaribu kusasisha programu zake usiku, ikashindwa, ikaacha. Mnara mpya ulipowashwa, kufuli hilo lilifunguka bila taarifa kwa mwenye simu.

Na jambo kubwa zaidi lililofunguka ni video. Video za YouTube na nyingine za aina hiyo hazina uzito mmoja kama gunia. Kila video huhifadhiwa katika ubora wa viwango mbalimbali, kuanzia ule wa ukungu ukungu hadi ule unaoonyesha kila unywele. Programu hupima kasi ya mtandao wakati mtu anatazama, kisha huchagua yenyewe kiwango cha kumletea. Ikikuta barabara nyembamba huleta video nyepesi, ikikuta barabara pana huleta nzito. Haimuulizi mtazamaji bando limebaki kiasi gani.

Tofauti yake si ndogo. Kampuni ya Netflix huwaeleza wateja wake kwamba saa moja ya kutazama kwa ubora wa chini hutumia hadi GB 0.3, na saa moja kwa ubora wa juu inaweza kufika GB 3. Hiyo ni mara kumi, kwa filamu ile ile na waigizaji wale wale. Wachache Kibiti wanalipia Netflix, lakini utaratibu huo huo ndio unaoendesha video za mahubiri, vichekesho na magoli ya Simba na Yanga ambazo karibu kila mtu anazitazama. Kwenye kioo cha nchi sita, aghalabu chenye ufa, jicho halipati faida kubwa ya ubora huo wa ziada. Bando ndilo linalojua.

Hapo mfano wa gunia unabadilika kidogo. Fuso haikuongeza uzito wa korosho, ila mpakiaji aliona nafasi imebaki, akaijaza.

Sababu ya pili ni binadamu mwenyewe, na kwa hili wakazi wa Rufiji wana kumbukumbu nzuri. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, msafiri wa Lindi na Mtwara alitegemea kivuko cha Ndundu, na mto ukijaa hakuwa na uhakika wa kuvuka. Daraja lile la karibu mita 970 halikumwongezea mtu idadi ya ndugu zake wa Kilwa. Lakini safari iliyokuwa ikiahirishwa hadi kuwe na msiba ikawa ya kwenda na kurudi, na fedha iliyotumika kwa nauli katika mwaka ikaongezeka. Hakuna aliyesema daraja linakula nauli.

Simu ya kasi ni hivyo hivyo. Kisichochosha hufanywa mara nyingi. Aliyekuwa akipiga simu ya kawaida sasa anapiga ya video, aliyekuwa akisoma tangazo sasa anatazama la kuigizwa, na aliyefungua simu kuangalia bei ya ufuta anajikuta nusu saa baadaye yuko kwenye harusi ya watu asiowafahamu.

Nchi zilizotangulia zimeonyesha hali hiyo. Korea Kusini ilianza huduma ya 5G kwa wananchi Aprili 2019, na takwimu za serikali yake katika miaka iliyofuata zilionyesha mtumiaji wa 5G akitumia data zaidi ya mara mbili ya mtumiaji wa 4G. Takwimu hizo zinahitaji tahadhari, kwa kuwa wanaowahi kununua simu mpya na vifurushi vikubwa ni wale wale waliokuwa watumiaji wakubwa tangu mwanzo. Si kasi peke yake iliyowafanya hivyo. Lakini hata ukiwaondoa hao, mwelekeo unabaki kuwa ule ule: njia ikipanuka, magari huongezeka.

Sababu ya tatu ndiyo inayouma zaidi kwa kuwa hufanyika mwenye simu akiwa amelala. WhatsApp ikiachwa ilivyotoka kiwandani hupakua yenyewe kila picha inayotumwa kwenye kundi, hata mwenye simu asipoifungua. Facebook hucheza video zenyewe mtu anapopitisha kidole. Picha hujipeleka kwenye hifadhi ya mbali, programu hujisasisha. Na kuna mtego wa hotspot ambao umewaliza wengi: anayemrushia mwenzake intaneti kwa nia njema hufanya simu ya mwenzake iione kama Wi-Fi, na programu kadhaa zilizoambiwa zisubiri Wi-Fi ndipo zifanye kazi nzito huanza kazi hiyo mara moja. Anayelipia ni mwenye bando. Kwenye 2G mtego huo ulikuwepo, ila haukuwa na meno.

Je, basi, wanaorudisha simu zao kwenye 2G wako sahihi? Hapana, na hasa si kwa mfanyabiashara.

Mtandao wa polepole nao una upotevu wake, ila upotevu huo haupigi kelele. Faili lililopakuliwa hadi robo tatu likakatika mara nyingi huanza upya, na zile robo tatu za kwanza zimeshalipiwa. Vipande vinavyopotea njiani hutumwa tena, na kinachotumwa mara mbili huweza kuhesabiwa mara mbili. Katika delta, ambako mikoko na umbali kutoka mnarani huifanya simu ishike na kuachia mtandao, simu hutumia nguvu nyingi kutafuta mnara na chaji hushuka upesi. Kwa kijiji kinachochaji kwa sola, chaji nayo ni fedha.

Kubwa kuliko yote ni muda. Kaa wa Rufiji huuzwa akiwa hai, na akifa kabla ya kumfikia mnunuzi thamani yake inakwenda naye. Mnunuzi aliyeko Dar es Salaam anataka kuona mzigo kabla ya kutuma fedha, na dalali aliyeko kisiwani anatuma picha. Picha hiyo ikikwama dakika 20, boti inaondoka na maji, na kwenye mikondo ya delta maji hayamsubiri mtu. Mchuuzi aliyeokoa Sh500 za bando kwa kubaki kwenye 2G amepoteza tenga zima. Hesabu ya namna hiyo haihitaji mtaalamu wa uchumi.

Kisha liko jambo ambalo mjadala huu wa bando hulisahau. Taarifa zenye faida kwa mkulima na mchuuzi ni nyepesi mno. Kutuma fedha kwa simu kwa kubonyeza nyota na reli hakutumii bando la intaneti kabisa, na kunafanya kazi hata kwenye kitochi. Bei ya korosho au ufuta iliyopatikana kwenye mnada, ikiandikwa kwa maneno, haifiki KB 1. Picha ya WhatsApp iliyokwisha kubanwa ni KB mia moja au mia mbili, maana yake MB 100 zinaweza kubeba picha 500 za kaa. Dakika moja ya ujumbe wa sauti haifiki MB 1. Tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kuhusu kimbunga Hidaya, kilichopiga pwani na Kisiwa cha Mafia Mei 2024, ingeweza kuenea kwa ujumbe mfupi wa maandishi, na kwa mvuvi aliyekuwa akijiandaa kutoka Nyamisati hakuna ujumbe ambao ungekuwa na thamani kuliko huo.

Mkulima anayejua bei ya mnada wa juzi hauzi kirahisi kwa kangomba. Taarifa hiyo ilimgharimu sehemu ya senti. Kilichomgharimu mia tano ni vichekesho vilivyofuata, na vichekesho si dhambi, ila visiandikwe kwenye daftari la gharama za korosho.

Pamoja na hayo, si haki kumtupia mwenye simu mzigo wote, kama inavyofanyika kila malalamiko yanapozuka na jibu likawa "wananchi wapewe elimu". Elimu ni nzuri, lakini simu zinauzwa zikiwa zimepangwa kutumia na si kubana, na nyingi huwashwa kwa Kiingereza kwa sababu muuzaji hakujisumbua kuchagua Kiswahili, ambacho kwenye simu nyingi kimo. Mzee wa Mchukwi anayeweza kupima unyevu wa korosho kwa kuitikisa tu mkononi hana sababu ya kujua kwamba ndani ya simu yake kuna kitu kinaitwa Kiokoa Data, na kwamba kimezimwa.

Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ililiona tatizo la vifurushi mapema. Mwanzoni mwa Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilisitishwa mara tu zilipoanza, kwa jinsi wananchi walivyolalamika. Katika kanuni za mwaka huo mamlaka ilitaka mteja apewe taarifa kifurushi kinapofikia asilimia 75 na kinapofikia asilimia 100 ya matumizi, na aweze kuendelea na salio lake akinunua tena kifurushi hicho kabla muda haujaisha. Ni kanuni nzuri. Lakini taarifa ya asilimia 75 ina maana kwenye mtandao wa polepole, ambako robo iliyobaki ni ya saa kadhaa. Kwenye 4G ya megabiti 10, robo ya GB 1 inaweza kwisha katika dakika tatu na nusu. Ujumbe unaingia simu ikiwa mikononi mwa mtoto, na baba anapoipokea anasoma jumbe mbili kwa pamoja, ya robo tatu na ya kumalizika.

Kwa hiyo kinachohitajika ni kulirudisha lile kufuli la zamani, safari hii mwenye simu akiwa na ufunguo. Mteja aweze kubonyeza namba fupi, kwa Kiswahili, na kusema video zake zije kwa ubora wa chini, au bando lake lisitumike zaidi ya MB kadhaa kwa saa. Kitaalamu si jambo geni. Novemba 2015 kampuni ya T-Mobile ya Marekani ilianzisha mpango wa Binge On, ambao ulishusha ubora wa video hadi kiwango cha kawaida ili bando lidumu zaidi. Ulilaumiwa, na kwa haki, kwa sababu wateja waliingizwa bila kuulizwa. Kosa hilo linarekebishika: mteja aulizwe kwanza, na achague mwenyewe. Kampuni zinazouza data kwa MB hazitakimbilia mpango wa kuuza MB chache, na ndiyo sababu msukumo unapaswa kutoka TCRA.

Na kwa watu wa delta lipo tatizo ambalo halina uhusiano na kasi hata kidogo. Mvuvi aliyeingia kwenye mikondo ya Salale, au mkulima aliyeko juu ya dungu Mbuchi akilinda mpunga dhidi ya ndege, anaweza kukaa siku mbili tatu bila kuona mtandao wa maana. Kifurushi cha saa 24 alichonunua asubuhi kinamfia mfukoni kikiwa kizima. Yeye halii na 4G, maana kinachokula bando lake ni saa ya ukutani. Vifurushi visivyo na ukomo wa muda vipo, lakini MB zake huwa ghali zaidi, na asiyejiunga kabisa hukatwa kwa bei ya nje ya kifurushi ambayo ni mara kadhaa ya ile ya ndani. Hivyo mtu anayetumia kidogo, na mahali ambapo mtandao ni wa mashaka, ndiye anayelipa zaidi kwa kila MB anayoitumia kweli. Hilo ndilo lingestahili kelele zinazopigwa dhidi ya 4G.

Hoja hiyo ina uzito zaidi kwa sababu minara mingi ya vijijini haijengwi kwa fedha za kampuni peke yake. Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) ulisaini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 vijijini kwa ruzuku, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan. Ruzuku inayofikisha mnara kijijini ingeweza pia kubeba sharti dogo: katika maeneo yanayohudumiwa na minara hiyo, kifurushi cha bei ndogo kihesabu MB na kisihesabu saa.

Sharti la pili halihitaji hata fedha. Siku ya kuzindua mnara kijijini huwa kuna hema, ngoma, hotuba za viongozi na vijana wa kampuni wanaogawa laini. Dakika kumi za shughuli hiyo zingetosha kwa kijana mmoja kupita na kila anayepewa laini, kuibadili simu yake iwe ya Kiswahili, kuwasha Kiokoa Data, kuzima video zinazojicheza zenyewe, na kumwonyesha ukurasa unaotaja programu iliyokula MB nyingi zaidi mwezi huo.